Chupa ya Kadii Iliyokataa Kuwaka

Mgeni rasmi, Bwana Gerishom Mangi. Mwalimu Mkuu, Bi Pamela. Wazazi wetu kutoka Adu, Gongoni na kwingineko: shikamooni.

Leo historia ya sayansi inaandikwa upya, na kalamu iko mkononi mwa Chama cha Sayansi cha Shule ya Upili ya Bweni ya Mto Chumvi. Ulimwengu na usikilize. Na walioketi safu ya nyuma wasiegemee ukuta, kwa kuwa maabara hii unayoifungua, mgeni rasmi, imemalizwa kupakwa rangi asubuhi ya leo.

UKARIBISHO

Karibu sana. Tumefagia, tumemwagia njia maji ili vumbi litulie na, kama ilivyo desturi yetu, tumevaa tai. Tai zetu hukaa sandukuni. Hutoka mgeni anapoingia getini na kurudi anapoondoka. Hazifuliwi, maana hazipati muda wa kuchafuka. Anayekusomea ni Kaingu wa kidato cha tatu, aliyechaguliwa kwa sauti yake. Tabia yake haikupigiwa kura.

HISTORIA

Chama chetu kilikuwa na sumaku moja na mifupa ya samaki mpaka alipotutembelea Daktari Mbeyu, aliyesoma hapa na sasa ni mtafiti ng'ambo. Alituachia chupa ndogo ya kioo yenye maji ya rangi ya chungwa, kizibo kimezungushiwa utepe. Ndani mna nukta za kwanta, punje ndogo mno ambazo hadubini yetu haizioni hata ikiombwa kwa adabu.

Ukimulika chupa hiyo kwa mwanga wa kijani, unatoka mwanga wa bluu. Na bluu, mgeni rasmi, ina nguvu kuliko kijani. Punje hupokea nguvu ya mwanga na kuzipa molekuli zilizo jirani. Molekuli mbili zilizopewa nguvu zikikutana, moja humwachia mwenziwe yote aliyo nayo, naye hutoa mwale mmoja wenye nguvu zaidi. Ni kama wanafunzi wawili wasioweza kuruka ua wa shule: mmoja humbeba mwenziwe mabegani, na anayefika upande wa pili ni mmoja. Kaingu anasema mfano huu aliusikia tu.

Adui wa kazi hiyo ni hewa. Oksijeni ikiingia, hunyakua nguvu kabla wawili hawajakutana, kama Naibu wa Mwalimu Mkuu, Bwana Ngowa, anavyotokea pale uani.

MAFANIKIO

Mwenzetu Kadii ndiye aliyeielewa chupa hiyo kuliko sote. Kila Jumamosi, wenzake wakifua nguo, yeye alifunga madirisha na kumulika. Alitaka siku moja mwanga wa jua unaopita bure kwenye paneli zetu za sola ugeuzwe uwe wa kufaa, ili taa za bweni zisituzimikie katikati ya kusoma. Mpishi wetu, Bi Harusi, aliitwa kushuhudia, akasema, "Subhanallah, hii si kazi ya watoto!" Bluu tuliiona sote.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, sauti yetu itabadilika, nawe utatuwia radhi au hutatuwia.

Mashindano ya sayansi yalifanyika katika ukumbi wetu wenyewe. Jaji mkuu ulikuwa wewe. Kadii alimulika: kijani kikaingia, bluu haikutoka. Akamulika tena, wapi. Ukasema, na tunakunukuu: "Binti, mwanga mnyonge hauwezi kuzaa mwanga wenye nguvu. Ama umedanganywa, ama unatudanganya."

"Bwana, jana uliwaka. Haki ya Mungu, jana uliwaka!"

"Na leo umekwenda wapi, kula chakula cha mchana?"

Majaji wakacheka pamoja nawe. Hakuna aliyeuliza swali. Hakuna aliyeuliza chupa ilikaa wapi wala nani aliishika. Mtu aliyeletwa kupima ukweli alipima uso wa msichana, akaona watosha.

Kadii alirudishwa nyumbani kwa kosa la kuaibisha shule. Sasa anakokota chumvi Gongoni pamoja na mamake, Bi Kahaso, yule aliyeketi karibu na mlango. Wenzake kazini humwambia, "Haya, mwanasayansi, hebu igeuze hii iwe sukari!" Nasi tunaketi darasani kando ya kiti kitupu, tukifundishwa kwamba sayansi ni kuuliza.

MAOMBI

Hatukuombi basi, wala tangi la maji. Tunataka Kadii arudi, na wewe useme mbele ya watu hawa kwamba hakudanganya.

Pia tunataka ukiri jambo. Kabla Kadii hajamulika, uliichukua chupa ukaizungusha mbele ya watu, na kizibo kikalegea mikononi mwako. Hatusemi ulifanya makusudi. Tunasema ulifanya.

Na sasa ushahidi. Daktari Mbeyu ametuletea chupa nyingine, haijaguswa. Bwana Gharib wa maabara, tafadhali funga mapazia, umulike kijani.

Hiyo hapo! Bluu, mgeni rasmi! Bi Kahaso, tunaomba uitazame vizuri, ukamwambie.

Sasa Bwana Gharib atawasha taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Punje hizi zikimulikwa nayo hung'aa rangi ya chungwa, hata zilizoharibiwa na hewa. Tazameni chupa ya zamani: punje za Kadii zingali hai, ni hewa tu iliyo...

Mgeni rasmi, wazazi, mbona hamtazami chupa?

YASIYOMO KATIKA KARATASI

Bi Kahaso amesimama. "Kaingu mwanangu, mbona kifua chawaka?"

Kaingu anainamisha macho. Katikati ya tai yake nyeusi kuna doa la rangi ya chungwa, linang'aa kama kaa la moto. Naibu hapazi sauti, na hilo ndilo la kutisha.

"Kaingu. Tai hiyo uliivaa lini mara ya mwisho?"

"Siku ya mashindano, mwalimu."

"Doa liliingia kabla ya Kadii kumulika, au baada?"

"Asubuhi, mwalimu. Kabla."

Mgeni rasmi, mimi Kaingu nakunja karatasi. Baya, rafiki yangu asiye wa chama hiki, aliniambia ndani ya chupa mnanuka petroli, nikabisha, tukawekeana dau la mandazi ya Jumapili. Nikafungua, nikanusa, tone likanidondokea, nikafunga. Kweli chupa ilinuka petroli, na Baya akala mandazi. Nilidhani hewa ya pumzi moja haidhuru. Kadii aliposimama mbele yenu nilijua, nikanyamaza. Na leo nimekusingizia wewe mbele ya wazazi. Wenzangu wa chama hawakujua lolote.

Lakini kucheka, ulicheka wewe. Hilo silifuti.

Bi Kahaso, mwanao alisema kweli kila neno. Kama lazima mmoja wetu awe nyumbani, sasa mnamjua.

Mungu akujalie safari ya heri, mgeni rasmi, na akurudishe hapa umkute Kadii ameshika kurunzi. Ni sisi, Chama cha Sayansi cha Mto Chumvi. Na aliyefungua chupa ni mimi.