Tulivyolishusha Gari la Harusi

Kijiwe chetu cha Makole, hapa Dodoma, ni ubao uliolala juu ya matofali, ukutani kwa saluni ya Mwajabu, na wenye ubao tunajulikana. Yupo mzee Hassani wa Kondoa, mwenye birika la kahawa na sinia la kashata. Yupo Matonya, tunamwita Bwawa, kwa sababu aliwahi kufanya kibarua kwenye bwawa la Mtera na tangu hapo kila jambo la dunia analipeleka bwawani. Yupo Zablon, tunamwita Katibu. Analinda geti la ofisi moja ya serikali na Kiswahili chote cha mle ndani amehama nacho. Na nipo mimi, Lameck, au Injinia kwa wanaonijua. Shule niliiacha kidato cha pili kwa kuionea huruma, maana ilikuwa haina tena cha kunipa. Alhamisi ile jioni upepo ulikuwa unapita polepole, umebeba vumbi jekundu laini kama poda, na mbele yetu lilikuwa limelala gari langu. Nasema limelala, sisemi limesimama. Nililishusha mwenyewe, uani kwetu, kwa jeki na grenda: nikazitoa springi, nikazikata, nikazirudisha zikiwa fupi. Jumamosi lilitakiwa limbebe dada yangu Gladness kwenda kuolewa Hombolo. Sasa shokapu ya nyuma kushoto ilikuwa inavuja mafuta, na gari limeinamia upande huo kama mtu anayesikiliza siri ya ardhi.

— Linasinzia hilo, akasema Bwawa. Msiliamshe.

— Halisinzii. Hilo ni pozi.

— Pozi la mguu mmoja?

— Wewe umewahi kumiliki hata baiskeli?

— Nimewahi. Na haikuwa inatoa machozi.

Katibu akapuliza kahawa yake, akakunja nne.

— Tuwe wakweli, Injinia. Likishindikana hili, dada yako anaondoka na nini?

— Halishindikani.

— Nimeuliza likishindikana.

— Basi bwana harusi, shemeji Joshua, ataleta pikapu yao. Ile ya kubebea zabibu.

Bibi harusi wa kwetu atoke nyumbani kwa baba yake juu ya pikapu ya upande wa pili, wakati kaka mtu ana gari? Shangazi zangu wangenitungia wimbo, na shangazi zangu wakitunga hawasahau ubeti. Halafu nilishamwahidi Gladness mwenyewe, mbele ya mama, kwamba hatakanyaga gari la mtu.

— Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, nikasema. Mimi nimeshamngojea.

— Ila umengoja chini mno, akasema mzee Hassani. Lameck mwanangu, umemlaza mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Springi umeifupisha, shokapu ni ileile. Kila ukipita tuta inagonga.

— Mzee, ungemimina tu kahawa.

— Namimina. Lakini inagonga.

Bwawa akashuka kwenye ubao, akachuchumaa nyuma ya gari, akachovya kidole kwenye yale mafuta na kuyanusa.

— Shokapu ni bwawa, akasema.

— Haya, tumefika Mtera, akasema Katibu.

— Nisikilizeni. Mle ndani kuna mafuta yametulia, kama maji nyuma ya ukuta. Ukiyabana, yanatafuta mlango. Tena haya ni ya Japani, yamezaliwa kisiwani. Yamekaa huku bara, kavu namna hii, mpaka yamechoka. Yanaondoka kidogokidogo yarudi baharini. Ndiyo maana wakasema chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Yatapitia wapi?

— Chini kwa chini. Maji yote yanajuana.

Nikaanza kuyaona kweli yale mafuta, yanapita chini ya Makole, chini ya mashamba ya mtama, hayana haraka, yanaulizia njia ya kwao. Kahawa ya mzee Hassani ina mambo yake.

— Mimi sikubaliani na mjumbe, akasema Katibu. Kwa mujibu wa taarifa za pale getini, gari halijainama.

— Tunaliona limeinama, Katibu.

— Iliyoinama ni Dodoma. Fikirieni. Tangu wizara zihamie, yameingia makabati mangapi? Majalada? Na mabosi wenyewe mnaona vitambi vyao. Hii ardhi ilizoea ng'ombe na zabibu. Inakwenda chini taratibu, watu hawajaambiwa.

— Mbona imeinama chini ya gari langu tu?

— Suala hilo linashughulikiwa.

Mzee Hassani akaweka birika chini. Nilidhani angewacheka, lakini macho yake yalikuwa mbali, yanaangalia upande wa barabara ya Kondoa.

— Kule kwetu, akasema, kuna ile michoro ya watu wa kale kwenye miamba. Mmewahi kuiona?

— Twiga na watu wembamba, akasema Bwawa.

— Na kitu kingine. Nilikwenda nikiwa kijana. Kona ya mwamba kuna umbo refu, limelala chini, limeinama upande wa kushoto. Watu wote wakasema ni mnyama. Mimi siku zote nilijiuliza, mnyama gani hana miguu?

Tukaligeukia gari wote kwa pamoja.

— Mzee, unataka kusema waliliota?

— Mimi nasema nilichokiona. Asiye na mwana aeleke jiwe.

Methali hiyo haikuhusu chochote, ila ilituingia. Upepo ukatulia. Nikawaeleza jinsi Jumamosi itakavyokuwa: gari linatoka Makole limenyamaza, limelala juu ya lami kama moshi wa asubuhi, chini kiasi kwamba kivuli chake kinakosa pa kukaa. Wanawake wanapiga vigelegele, hawasikii injini. Tukikaribia Hombolo, zabibu zenyewe zinainua majani zituchungulie.

— Naliona, akasema Bwawa, amefumba macho. Linapita hapa mbele yetu.

— Na mimi naliona, akasema Katibu. Nimelipigia saluti.

Hapo mlango wa saluni ukafunguka. Akatoka Gladness, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

— Shikamoo, mzee Hassani.

— Marahaba, bibi harusi wetu.

— Kaka, Mwajabu ameniruhusu nipunge upepo kidogo. Nina swali moja tu, maana natakiwa nijue gauni nitalikusanyia wapi.

— Uliza, mdogo wangu. Umefika kwa wataalamu.

— Nyuma tutakaa mimi na msimamizi wangu, Erica. Erica mnamjua alivyojaliwa. Sasa mimi nikae upande gani?

Nikaangalia kushoto, kwenye shokapu inayolia. Nikaangalia kulia. Nikamwangalia Bwawa, naye akamwangalia Katibu, naye akaangalia kikombe. Tangu nilishushe gari lile, hakuna mtu aliyewahi kukaa kiti cha nyuma. Nilipokuwa napima pengo la tairi kwa vidole, gari lilikuwa tupu, maana sisi wote tulikuwa nje tunalitazama. Kila mtu alitaka kuliona likipita.

— Kwani swali gumu? akauliza Gladness.

Hakungoja. Akafungua mlango wa kushoto, akaingia, akakaa mikono imepakatwa kama tayari ana maua. Gari likashuka chini yake bila ubishi, na bodi ikaja kulala juu ya tairi. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Na Erica bado alikuwa kwao.

Mzee Hassani aliinamisha birika kwenye kikombe changu, likatoa tone na machicha.

Nikatoa simu. Nikampigia shemeji Joshua, nikamwomba aioshe pikapu, aweke na kitambaa cheupe kwenye viti. Nilizungumza kwa sauti ya kawaida ili dada asikie, nisije nikalazimika kulisema mara mbili.

Gladness alisikia. Hakushuka. Aliegemeza ile nusu ya kichwa iliyosukwa kwenye kiti, akatuangalia kupitia dirishani.

— Kutoka humu, akasema, mnaonekana warefu.

— Dada, samahani.

— Acha kwanza. Nikae kidogo.

Vumbi lilikuwa linapita tena mbele ya taa za gari, taratibu, ukilitazama sana unadhani gari ndilo linalokwenda. Nikamkusanyia upindo wa kanga yake uliokuwa unaning'inia nje, nikaufunga mlango polepole kwa mikono miwili. Bwawa akaanza kigelegele kwa sauti ya chini, Mwajabu akakipokea kutoka ndani ya saluni.