Jaji Dinah Nasimiyu Kimeli, Aliyekwenda Kuona Mpaka kwa Macho Yake

Marehemu Jaji Mstaafu Dinah Nasimiyu Kimeli alizaliwa tarehe 19 Januari 1952 karibu na Webuye, akiwa kifungua mimba wa Mzee Wangila na Mama Tabby.

Alianza shule mwaka 1960. Mwaka uliofuata alizaliwa kitinda mimba, Jairus, na ikabidi Dinah achague: aende darasani na mtoto mgongoni au akae nyumbani. Alienda. Mwalimu alipolalamikia kelele alijibu, "Mwalimu, huyu akinyamaza nitajibu maswali yote." Akayajibu kweli. Jairus huyo ndiye anayewasomea wasifu huu.

Alisomea sheria Nairobi, na mwaka 1981 akawa hakimu mjini Kitale, mwanamke wa kwanza wa ukoo wetu kukalia kiti hicho. Siku ya kwanza, mzee mmoja alikataa kueleza kesi yake.

"Mama, si sisi tunangoja hakimu?"

"Hata mimi nilimngoja miaka mingi, mzee. Leo amefika. Haya, sema."

Mwaka 1997 aliapishwa kuwa jaji, akahudumu Bungoma na Kitale hadi alipostaafu mwaka 2022. Kesi za mashamba hakuziamua kwa karatasi tu. Alivaa gambuti, akaukanyaga mpaka mwenyewe, akawauliza akina mama waliokuwa wakilima pale. Mabinti wengi leo wanalima mashamba ya baba zao kwa sababu ya hukumu zake.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na Mwalimu Job Kimeli wa Saboti, aliyemtangulia mwaka 2014. Walijaliwa Ivy na Kevin.

Tuseme ukweli, maana marehemu hakupenda ushahidi wa kuficha. Kwetu mambo yalikuwa mengine. Baba alipofariki mwaka 2003, Dinah aliomba robo ekari tu, kando ya kaburi la mama. Jairus akakataa. "Ukishaingia hapo, si kesho watoto wa Kimeli watataka shamba yote?" Majaji wenzake walimsihi aende kortini. Akasema, "Siwezi kumshtaki mtoto niliyembeba." Kila Krismasi aliendelea kuja na sukari na majani ya chai, akiketi uani kwa Jairus kama mgeni.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Januari mwaka huu Jairus alimtembelea hospitalini. Dinah hakulitaja shamba kabisa. Aliuliza tu kama kaburi la mama limepaliliwa. Jairus alirudi nyumbani, chakula kikamshinda. Akajaza fomu za bodi ya ardhi za kumgawia Dinah shamba, bila kumwambia mtu, akitaka kumpelekea dada yake habari ikiwa imekamilika. Dinah alifariki Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025. Bodi ilikaa Jumatatu, ikakubali. Hakujua. Hilo linamuuma msomaji wenu, na litazidi kumuuma.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne na ndugu mmoja.

Chifu yuko hapa, na wazee wa ukoo wako hapa. Washuhudie: si robo ekari. Ni ekari mbili, sawa na fungu la kila mwana wa kiume wa Jairus, na zitaandikwa kwa jina la Ivy, binti wa Dinah. Makonge ya mpaka yalipandwa jana asubuhi.

Dada Dinah, lala kwa amani mbele za Bwana. Ni mimi, Jairus. Nilichelewa. Nisamehe.