Nyayo Alizomshonea Kelestini

Marehemu Domitila Wendelin hakukabidhi kitu alichokishona bila kukigonga kwanza kwa ukucha na kukitegea sikio. Hata sare za shule. Wanawe walimcheka, naye akaendelea.

Alizaliwa Masagati tarehe 14 Machi 1957. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, akajifunza cherehani kwa masista hapa Ifakara. Mwaka 1979 alifunga ndoa na Alphonce, mkulima wa mpunga, aliyetangulia mwaka 2009. Walijaliwa Aurelia na Evod.

Mwaka 2014 aliajiriwa kushona mikanda katika karakana ndogo ya miguu bandia. Fundi Beno alitengeneza nyayo za miguu hiyo kwa kubandika matabaka ya kitambaa cheusi cha kaboni kwa gundi. Siku moja Domitila aligonga wayo wa Kelestini, mvuvi wa Malinyi aliyekuja kuuchukua, akasikia mlio mtupu kisiginoni.

“Beno, humu ndani matabaka yameachana.”

“Mama Aurelia, hiyo ni kaboni, siyo shuka.”

“Dada, mimi nataka mguu wa kuvulia,” Kelestini alicheka. “Ngoma ninayo nyumbani.”

Domitila akaushonea mkanda, akamkabidhi. Aprili 2016, Kelestini akishuka mtumbwini, wayo uliachana tabaka kwa tabaka. Mto ulimchukua, hakuonekana tena. Wayo uliookotwa ukingoni ulirudishwa karakana umefunuka kama kitabu cha sala kilicholowa. Ulipokuwa ukikauka, matabaka yalilia yenyewe, moja moja, mchana kweupe.

Tangu hapo Domitila aliyashona matabaka pamoja kabla ya gundi kumwagwa. Mwanzoni alibananisha mishono, kama fundi anayejivunia mkono wake. Nyayo zikavunjika kwenye mstari wa matundu, kwa kuwa sindano ilikata nyuzi za kaboni. Akaiachanisha mishono. Beno akazijaribu nyayo mpya kwa mizigo: ufa ulianza, ukafika kwenye uzi, ukasimama. Hakuna wayo wake ulioachana.

Lakini kila masika alishona mmoja zaidi, kwa kipimo cha Kelestini. Nane ziko kwenye rafu ya juu. Aurelia huzipanga vidole vikielekea ukutani. Akirudi, huzikuta zimeelekea mlangoni, wala Beno hakiri kuzigusa.

Moyo wa Domitila ulianza kuvimba mwaka 2023. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na dada yake Agnella. Bwana ampe pumziko, pasiwe na mtu wa kumngoja.

Aurelia alikuwa amemshika mkono. Mama yake alitazama mlango, uliokuwa wazi.

“Mwanangu, mpe Kelestini kiti, amesimama muda mrefu. Mwambie nakuja kumvisha.”