Paa wa Kadibodi na Kaka Zangu Wawili

Mheshimiwa Naibu Wali wa wilaya yetu, mashekhe wetu wa Ibra, wazee wangu shikamooni, ndugu wageni waalikwa mliotoka Nizwa na Samail, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma, assalamu alaykum.

Nimeambiwa mimi, Kaltham, niifungue filamu ya Rahaf, binti wa kaka yangu Khalaf. Ni filamu ya kuchekesha, ya ndugu wawili wanaokwenda kuwinda paa wakarudi na mbuzi wa jirani. Lakini mnajua waliocheza ndugu hao ni nani? Ni Khalaf na Suud, kaka zangu wenyewe, waliokuwa hawasemezani tangu tulipohama Tabora. Harusi ngapi nimekaa kati yao, mmoja ananiambia, "Mwambie nduguyo asogeze sahani," na nduguye yupo hapo hapo anamsikia?

Sababu ilikuwa bunduki ya marehemu baba. Suud aliiuza bila ya kutuambia, na Khalaf, aliyefundishwa kuwinda kwa bunduki hiyo, akaapa hatamsemeza.

Rahaf alimwomba kila mmoja peke yake, wala hakumtajia mwenzake. Siku ya kupiga picha, Khalaf alipomwona nduguye pale wadini, kwenye bonde la mto mkavu, akageuka arudi garini.

"Baba," Rahaf akamwambia, "huna haja ya kuzungumza naye. Sema yale niliyoyaandika tu."

Basi akabaki. Na kwa kuwa sheria inakataza kuwinda paa, tulimbandika beberu pembe za kadibodi. Beberu akajikuna kwenye mtende, pembe moja ikaanguka, akaitafuna, kisha akakata kamba akakimbia. Wazee wetu wawili wakamfuata mbio, na Suud akateleza akatumbukia kwenye mfereji wa falaji.

Khalaf alicheka mpaka akakaa chini. Alipoona mwenzake hainuki, akaingia majini na viatu vyake.

"Umeumia?"

"Goti," Suud akasema. Kisha akasema, "Bunduki ile niliiuza nikulipie nauli ya kuja huku. Mama alinikataza nisikwambie. Alijua ungekataa kuondoka."

Khalaf akamwinua akae. "Mimi nikidhani nauli katoa ami."

"Ami alikuwa hana kitu."

Khalaf akavua kilemba chake, akamfunga nacho goti, akambeba mgongoni mpaka garini, wanagombezana na kucheka kwa pamoja.

Kamera ilikuwa haijazimwa. Rahaf alitaka kuyakata hayo, kwa kuona haya mbele ya watu. Wenyewe wawili ndio waliokataa. Mwanangu Rahaf, mashekhe na wakubwa wao wa kazini wamejaribu kuwapatanisha wazee hawa wakashindwa, nawe umeweza kwa beberu mmoja. Nani kati yetu atasema kazi ya filamu ni upuuzi?

Mheshimiwa, ndugu zangu, nakushukuruni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Kaka zangu wamekaa safu ya mbele, wanabishana nani alikimbia polepole. Zimeni taa, tuitazame filamu, tukawaamue.