Irabu Moja ya Mwalimu Insaf

Abuna, padri wetu, ndugu na jamaa mliofika kutufariji, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, Mwalimu Insaf Labib Tadros, ambaye angekuwa hai angekwisha kuisahihisha sentensi hii.

Marehemu alizaliwa hapa Mallawi tarehe 3 Machi 1946, kifungua mimba wa mzee Labib, fundi cherehani, na Bi. Hanuna, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi 1958, sekondari Minya hadi 1964, kisha Chuo Kikuu cha Kairo, alikohitimu lugha ya Kiarabu mwaka 1968, na tangu Septemba ya mwaka huo hadi alipostaafu mwaka 2006 alifundisha ushairi sekondari ya wasichana, na wengi wenu mnakumbuka alivyowakataza kusoma kwa haraka, akisema, "Neno halina irabu, binti yangu, usilisomee hasira zako, jaribu na njia nyingine."

Alifunga ndoa na Bwana Munir Gayed, mfamasia, tarehe 12 Septemba 1971, wakajaliwa Nivin na Adel, na wajukuu wanne.

Linalofuata mwenyewe aliagiza lisomwe. Julai 2003 mama yake, Bi. Hanuna, alifariki, joto halikuruhusu kungoja, marehemu akamzika kabla mdogo wake Nasif, huyu aliyekaa mbele, hajafika kutoka Aswan, alikokawia ingawa aliitwa mara mbili. Siku ya arobaini Nasif akaleta kadi yenye ubeti mmoja, bila irabu, zile alama ndogo za juu na chini ya herufi, kama tuandikavyo Kiarabu sote, na neno lake la kwanza laweza kusomwa "nimemdhulumu mama" au "umemdhulumu mama", herufi ni zilezile. Marehemu akasoma kwa njia ya pili, akaifungia kadi ndani ya kamusi, na kwa miaka kumi na sita jina la Nasif halikutajwa nyumbani kwake.

Januari 2019 aligundulika na maradhi ya figo, na tarehe 26 Oktoba Nasif alifika hospitalini bila kuitwa, dada yake akamnyooshea kadi ileile, aliyokuja nayo ndani ya kamusi, salamu hakuna, akamwamuru aisome kwa sauti, naye akasoma: nimemdhulumu mama, usingizi umenihama.

"Na irabu ilikushinda nini kuitia, we Nasif?"

"Nilikuwa namwandikia mwalimu, dada."

Marehemu alilia sana, akaomba kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Alituaga tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nasif.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika dengu siku zote hizi, walimu wenzake na wanafunzi wake. Kadi tumemwekea kifuani, na juu ya neno la kwanza ipo irabu moja nyekundu, imepinda kidogo, ameitia mwenyewe.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.