Maneno Matatu ya Mzee Zadock Ouma

Wachungaji, majirani, na nyinyi nyote mliokanyaga tope la Kano kufika boma hili, sisi ndugu zake tunawasomea maisha ya kaka yetu, Mzee Zadock Ouma, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1934 karibu na Ahero, kifungua mimba wa mama yetu.

Alisoma shule ya misheni Awasi hadi darasa la nane, akamaliza 1951, na mwaka 1953 akaingia karakana ya meli bandarini Kisumu, akadumu miaka thelathini na minane, na jamani, masikio yale yalikuwa ya ajabu, kwani aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akakwambia ni bomba gani linaziba kabla hujafungua hata nati moja.

Tarehe 8 Desemba 1956 alimwoa Lornah, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza Gordon, na nyumba yao haikukosa kelele wala samaki.

Mwezi Februari 1991 jicho lake la kushoto liliingia giza ghafla, naye, kama mafundi wote waliozoea kuchomwa na moshi, akaomba maziwa ya ng'ombe, Lornah akamtilia jichoni, baada ya dakika tano akaona tena. Ilitokea mara nne, na mara zote nne tuliyasifu maziwa.

Jumapili tarehe 9 Juni alianguka akitoka kanisani, upande wa kulia ukapooza, ulimi ukafungwa. Hospitalini Daktari Wasike alimwekea chombo chake cha kusikilizia shingoni, kushoto, kisha akampa Lornah naye asikilize, na mama huyu akasikia damu ikivuma, fyuu, fyuu, ikijipenyeza kwenye mshipa uliobanwa na mafuta. Daktari alieleza kwamba vipande vidogo vilikuwa vikimeguka humo, vikapita jichoni na kuyeyuka, ndipo mzee akaona tena bila dawa yoyote, hadi kikubwa kilipofika kwenye ubongo. Ee Mungu wangu! Mtu aliyesikia kila bomba la meli alibeba lake shingoni asilijue, na sote mle wodini tukajishika shingo.

Lakini, na tuseme ukweli mbele ya jeneza hili, tulimlaumu Lornah, ati maziwa yake yalitupotezea miezi minne, naye aliendelea kumlisha mumewe na kulia jikoni. Mzee alisikia yote, na kila siku alikaa uani akihangaika na ulimi wake, mpaka Jumapili tarehe 5 Januari 1992, ukoo ukiwa umekusanyika, alipoinua mkono wa kushoto akasema wazi, "Mimi ndiye niliyekataa." Tulipomuuliza Lornah, ndipo akatueleza kwamba baada ya mara ya pili alimsihi waende hospitali, mzee akagoma kwa sababu meli ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na mama alimsitiri mumewe miezi yote ile.

Kiharusi cha pili kilimchukua Jumanne tarehe 17 Machi 1992, akiwa na miaka hamsini na minane.

Tunamshukuru Daktari Wasike na wauguzi, wenzake wa bandarini, majirani waliomgeuza kitandani kwa zamu, na wewe shemeji yetu Lornah, ambaye leo tunakuomba msamaha watu wote wakisikia. Kaka, pumzika sasa kwa amani, kumtetea mkeo tumeachiwa sisi.