Mirihi Imerudi Haneti

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, Mtemi wetu, Bwana Rajabali uliyetuezekea darasa hili kwa mabati, walimu wenzangu, na ninyi wazazi wa Haneti, nawasalimu: mbukwenyi.

Leo, Desemba 1958, darasa la nane wanatuaga, na kati yao yumo Ruthu binti Methusela, msichana wa kwanza wa shule hii kuchaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Je, mnajua kwamba nusura tumkose?

Septemba 1956, ile nyota nyekundu ilipong'aa kupita nyota zote, wafugaji walisema inaleta maradhi ya mifugo. Mzee Methusela, ambaye namwona pale mbele akijifanya hanioni, alikuja shuleni kumchukua bintiye wahame na ng'ombe. Ruthu akaomba aseme kwanza.

"Baba, ile si nyota. Ni Mirihi, sayari ya mawe na vumbi, inazunguka jua kama dunia yetu, ila upana wake ni kama nusu tu ya dunia. Wataalamu wanadhani ni nyekundu kwa sababu udongo wake una kutu."

"Nani alikwenda huko akarudi?"

"Hakuna."

"Basi mnanidanganya mchana kweupe!"

"Baba, ng'ombe mgeni akiingia kundini, unamjuaje?"

"Kwa mwendo wake. Hata akiwa mbali."

"Nasi tumeijua kwa mwendo. Kila juma tunachora ilipo. Nyota nyingine zinakwenda pamoja. Hii ilizipita, ikasita, sasa inarudi nyuma. Mwaka wake ni karibu miaka yetu miwili. Dunia imeikaribia, itaiacha, nayo itafifia. Novemba 1958 itang'aa tena."

Mzee akasema, "Haya, kaa. Lakini isiporudi, nitarudi mimi."

Ndugu zangu, ng'ombe hawakufa. Lakini ahadi ilibaki, na mimi mwalimu wake niliihofia kuliko Ruthu mwenyewe. Mwezi uliopita, jua lilipozama, Mzee Methusela alibisha hodi kwangu. Akanishika mkono, akanitoa nje, akaelekeza fimbo mashariki.

"Mwalimu, yule ng'ombe wenu mwekundu amerudi."

Tujivunie binti aliyemjibu baba yake kwa heshima na kwa hoja. Tumjivunie pia baba aliyekubali kungoja, akatazama kwa macho yake.

Ruthu, nenda. Nawe urudi, utufundishie watoto.

Asanteni nyote kwa kunitegea masikio.